Kolo au Isimila? Kwa mwenye siku mbili na anayeanzia Dodoma

Ukiwa Dodoma, Zama za Mawe ziko pande mbili. Shika barabara ya kaskazini, na kabla hujafika Babati utakutana na Kolo, kijiji cha barabarani wilayani Kondoa, ambacho michoro ya miambani ya eneo lake iliingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2006. Shika ya kusini, uvuke bwawa la Mtera, upande milima hadi Iringa, na kama kilomita 20 mbele kwenye barabara ya Mbeya ipo Isimila, korongo ambalo ardhi yake imetapakaa mashoka ya mawe. Kila aliyesoma Historia kidato cha kwanza ameyaandika majina haya mawili kwenye daftari. Waliokwenda kuyaona ni wachache, na wengi wao wamekwenda sehemu moja tu, kwa hiyo ukiwauliza ipi bora watakutajia ile waliyoiona.

Nimezilinganisha kwa mambo yaleyale: unachokwenda kukiona, mwili wako na wa wale unaosafiri nao, usafiri, pa kulala na kula, adabu za mahali, yaliyo jirani ya kujazia siku, na majira ya mwaka. Kiingilio nimekiacha makusudi. Viwango hubadilika, raia hulipa pungufu kuliko mgeni wa nje, na tofauti yoyote ya kiingilio huwa ndogo ukishaiweka karibu na nauli au mafuta ya gari. Beba kitambulisho, na uwe na salio kwenye simu, maana malipo ya serikali siku hizi huja na kontroo namba.

Tahadhari kwa wenye watoto: pango la giza, lenye popo na vichochoro vya chini ya ardhi, halipo Kolo wala Isimila. Hilo liko Amboni, Tanga. Kolo ni miamba mikubwa iliyoinamia mbele ikafanya paa, na watu wa kale wakachora kwenye ukuta ulio chini ya paa hilo. Isimila haina paa la mwamba, ni jua na anga. Watu husema "mapango ya Kolo" na hakuna ubaya, ila usiwaahidi wanao kutembea na tochi.

Unachokwenda kukiona

Eneo la Kondoa lililo kwenye orodha ya Urithi lina ukubwa wa kilomita za mraba 2,336, na miamba yenye michoro inakadiriwa kuwa kati ya 150 na 450. Mgeni wa siku moja huonyeshwa michache, na kwa kawaida huanza na Mongomi wa Kolo, juu ya kilima, mashariki ya kijiji. Ukisimama chini ya mwamba ule, kwa dakika za kwanza unaweza kujiuliza umeletwa kuona nini. Ukuta una madoa mekundu, mistari, vumbi. Kisha mwongozaji ananyoosha kijiti, bila kugusa, na mstari mmoja unageuka kuwa mgongo wa pofu, yule swala mkubwa. Ukishampata mnyama wa kwanza, wengine huanza kujitokeza wenyewe: twiga, tembo, swala, na watu warefu wembamba wenye vichwa vikubwa vya mviringo, ambavyo wengine huviona ni mitindo ya nywele na wengine huviona ni vinyago.

Michoro hiyo myekundu ndiyo ya zamani. Huhusishwa na wawindaji na waokota matunda, na watafiti wengi huiunganisha na mababu wa Wasandawe, ambao hadi leo wako Chemba upande wa Kwa Mtoro na Farkwa, na Wahadzabe wa bonde la Eyasi. Juu yake, mara nyingine ikiifunika kabisa, kuna michoro minene ya rangi nyeupe inayodhaniwa kuwa ya wakulima waliokuja baadaye. Umri wa ile myekundu bado unabishaniwa, na makadirio yanaachana kwa maelfu mengi ya miaka. Anayekutajia mwaka mmoja kamili anakisia. Kilicho hakika ni kwamba watu wameishi chini ya miamba hii tangu zamani mno. Kisese, ambako ni sehemu ya eneo hilihili, zimefukuliwa shanga za maganda ya mayai ya mbuni, na baadhi zina zaidi ya miaka 40,000.

Mary Leakey, mwanaakiolojia yuleyule wa Olduvai, alikaa Kondoa mwaka 1951 akinakili michoro kwa kuwekea karatasi angavu juu yake. Mmoja aliounakili ni wa watu watano: wa katikati ameshikwa mikono na wenzake wa pande mbili, kama anayegombewa. Umezoeleka kuitwa utekaji. Wapo wanaokataa, wakisema hiyo ni ngoma, au ni mtu anayepandisha mashetani na wenzake wanamshikilia asianguke. Mimi naona hilo ndilo tamu la Kolo. Unarudi nyumbani na ubishi mkononi, na kwenye gari kila mtu ana tafsiri yake hadi mnaingia Dodoma.

Kero yake ni kwamba michoro imechakaa. Jua, maji yanayochuruzika, moshi, mikono ya watu. Ziko sehemu hutaona kitu hata ukielekezwa. Enzi za ukoloni baadhi ya miamba ilizungushiwa uzio wa mbao na waya, na wanakijiji, kwa akili ya kawaida kabisa, wakavichukua vitu hivyo kwa matumizi yao. Karibu na Mongomi utaona pia mashimo ya watu waliosikia kwamba Wajerumani walifukia dhahabu huko. Dhahabu haikupatikana, mashimo yamebaki.

Isimila ni kinyume karibu kwa kila kitu. Hakuna cha kukisia kwa macho. Shoka liko pale chini, na jingine, na jingine, yamechongwa pande mbili hadi yakapata ncha, mengine madogo ya kutosha kiganja, mengine mazito kiasi kwamba unajiuliza nani aliyeweza kulitumia siku nzima. Zamani pale palikuwa na ziwa dogo. Watu walifuata maji kama wanyama walivyoyafuata, wakachonga zana, wakaziacha, tope likazifunika. Baadaye sana ziwa lilikauka, mvua ikalikata korongo, na kila kitu kikarudi juu. Mwaka 1951 mwanafunzi mmoja kutoka Afrika Kusini aliyekuwa akipita njia hiyo alizigundua, na kati ya mwaka 1957 na 1958 mwanaakiolojia Clark Howell akaongoza uchimbaji mkubwa. Upimaji uliofanywa baadaye uliipa Isimila umri wa miaka kama 260,000. Wachongaji wenyewe hawakuacha mifupa yao. Waliobaki ni wanyama, na miongoni mwao kiboko wa aina iliyotoweka, ambaye macho yake yalitokeza juu zaidi ya huyu tunayemjua.

Halafu kuna nguzo. Upande mwingine wa korongo, mmomonyoko umeacha minara ya udongo mgumu, mirefu kuliko nyumba, yenye rangi ya kahawia na nyekundu, na baadhi imevaa jiwe kichwani kama kofia. Wengi wanaopiga picha Isimila hupiga nguzo, mashoka huyasahau. Sioni aibu kusema nguzo ndizo zinazobeba safari kwa mtu asiyejali mambo ya kale.

Kuna jambo ambalo sehemu zote mbili zinashiriki, na sijaona likizungumzwa sana. Mmomonyoko uliofichua Isimila ndio uliotaka kuimaliza Kondoa. Kutoka kwenye vilima vya Kolo unaona makorongo mekundu yaliyoikata ardhi. Ndiyo yaliyosababisha serikali kuanzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, mwaka 1973, na mwaka 1979 mifugo yote ikaamriwa kuondoka kwenye eneo lililoharibika. Wazee wa Kondoa wanaikumbuka amri hiyo kuliko wanavyoukumbuka mwaka wa Urithi wa Dunia. Ukipata mwongozaji mwenye umri, muulize hilo pia. Huenda likawa somo zuri kuliko pofu wote.

Miguu na pumzi

Kolo inadai miguu. Kutoka ofisini kijijini hadi chini ya kilima cha Mongomi ni kilomita kama tisa au kumi za barabara ya vumbi, na sehemu ya mwisho si ya gari la chini. Kisha unapanda. Si mlima wa kukutoa machozi; mtu mzima mwenye afya atachukua chini ya nusu saa, lakini kuna mawe, kuna mahali unashika mti, na viatu vya wazi havifai. Mtoto wa miaka minane atapanda akicheka. Bibi mwenye magoti mabaya atabaki garini, na siku yake itakuwa imeisha hapo. Mwambie mwongozaji mapema kama mna mtu wa namna hiyo, kwa sababu miamba haifanani na ipo ambayo mpando wake ni mdogo.

Isimila unateremka badala ya kupanda, na mteremko wenyewe ni wa taratibu. Mzunguko mzima, mashoka na nguzo, huchukua kama saa moja na nusu kwa mwendo wa kuongea. Asiyeweza kuteremka bado ana jumba dogo la makumbusho juu, ambako zana zimepangwa na kuelezwa. Shida ya Isimila ni jua. Chini ya korongo upepo hukatika na kivuli ni haba, kwa hiyo kofia na maji si anasa.

Barabara na usafiri

Kwa mwenye gari, Kolo ndiyo karibu. Dodoma hadi Kolo ni takriban kilomita 180, lami mwanzo hadi mwisho, kupitia Chemba na Kondoa. Ukiondoka alfajiri, saa tatu au nne asubuhi uko kijijini, ukiviheshimu vibao vya hamsini, na uviheshimu kweli maana trafiki hawalali. Unaweza kwenda na kurudi siku hiyohiyo bila kujiumiza. Iringa ni kilomita kama 260, na Isimila ni mbele yake. Mwendo ni wa saa nne na zaidi, kwa sababu baada ya Mtera kuna kona na mpando wa Nyang'oro, ambako lori moja lililobeba mzigo mzito linaweza kuongoza msafara wenu kwa muda mrefu. Kwenda na kurudi siku moja inawezekana, lakini ni adhabu.

Ila njia ya Iringa ina starehe yake. Mtera peke yake inatosha kusimamisha gari: bwawa limetanda, na samaki wa kukaanga na wa kukausha wanauzwa barabarani. Njia ya Kondoa ni tambarare, mibuyu, mashamba ya alizeti, kisha vilima. Ni nzuri, lakini haikusimamishi.

Kwa anayepanda basi, hesabu inageuka. Mabasi ya Kondoa, Babati na Arusha yanapita Kolo na konda atakushusha ukimwambia mapema. Tatizo linaanza ukishashuka: zile kilomita tisa. Bodaboda zipo, patana bei ya kwenda, kusubiri na kurudi kabla hamjaondoka, tena mbele ya watu wa ofisi. Na kurudi Dodoma jioni unategemea basi linalotoka mbali na ambalo huenda limejaa. Isimila kwa basi ni rahisi zaidi ukishafika Iringa. Magari madogo ya Tanangozi na Ifunda yanapita kwenye njia panda yake, kutoka hapo ni mwendo mfupi wa miguu au bodaboda, na magari ya kurudi mjini hayakosekani mchana. Asiye na gari aliweke hili juu kabisa kwenye maamuzi yake.

Pa kulala na kula

Iringa inashinda waziwazi na sina haja ya kurefusha. Ni mji mkubwa, una vyumba vya kila bei, mikahawa, soko zuri na baridi la usiku. Kolo ni kijiji: chai, chapati, wali maharage kwa mama ntilie, basi. Wengi hulala Kondoa mjini, ambako gesti ni za kawaida na safi ukichagua vizuri, au wanasogea Babati. Anayetaka bafu la maji ya moto lisilo na maswali aende Iringa. Anayetaka kuku wa kienyeji aliyepikwa kwa mafuta ya alizeti yaliyokamuliwa jirani, Kondoa itampendeza.

Adabu za mahali

Hapa Kolo inataka uangalifu zaidi, na wageni wengi wa mjini hawajui. Mongomi si makumbusho tu. Warangi wa maeneo yale bado huenda pale kuomba mvua na kutafuta uponyaji, na pombe ya nafaka na mafuta ya mnyama hutumika. Wahifadhi wamekuwa wakilalamika kwamba vimiminika hivyo vikinyunyizwa ukutani vinaiharibu michoro; wenyeji nao wanasema mwamba ulikuwa wao kabla haujawa wa dunia. Hata UNESCO ilipoupokea ilitambua kwamba matambiko hayo ni sehemu ya thamani ya eneo, si kasoro yake. Ukikuta dalili za tambiko, usicheke, usisogeze kitu, na usipige picha kabla hujauliza. Kondoa pia ni mji wa Waislamu wengi: vaa nguo ya heshima, na Ijumaa mchana usitegemee kila duka liwe wazi. Ukifika kijijini wasalimie wazee kwanza. "Shikamoo mzee, tumekuja kutembea" hufungua milango ambayo risiti ya kiingilio haifungui.

Pale Isimila hakuna ibada inayokungoja, adabu yake ni ya mikono. Usichukue hata kipande. Mashoka ni mengi na hakuna atakayeona, ndiyo, na kila aliyepita na wazo hilo amepunguza kitu. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalikataza, na mwongozaji naye anakutazama mfuko. Usipande nguzo: ni udongo, si jiwe. Kolo vilevile, usiloweshe ukuta ili rangi ing'ae kwenye picha. Wapo waliofanya hivyo zamani, na sehemu ya uchakavu unaouona ni kazi yao.

Yaliyo jirani

Upande huu Iringa ina mzigo mzito, na hapa ndipo anayetaka mwamba wenye paa kama ile ya Kolo anapoupata. Mlambalasi, kama kilomita 50 kutoka mjini kwa barabara ya kwenda Ruaha, ndiko Mtwa Mkwawa, mtawala wa Wahehe, alikojipiga risasi Julai 1898 baada ya miaka ya kupigana na Wajerumani, na kaburi lake liko hapo. Ndani ya mwamba huohuo watafiti wamefukua mifupa ya watu wa Zama za Mawe wenye zaidi ya miaka 12,000. Sijui mahali pengine nchini ambapo tabaka mbili za historia zilizoachana hivyo zimelala chini ya paa moja. Fuvu la Mkwawa, lililopelekwa Ujerumani na kurudishwa mwaka 1954, liko Kalenga, karibu zaidi na mji. Mjini kwenyewe kuna jiwe la Gangilonga, la kupanda jioni, na makumbusho ya Boma kwenye jengo la enzi za Mjerumani. Ukipanga vizuri, asubuhi ni Isimila, mchana ni Kalenga, jioni ni Gangilonga. Mlambalasi inataka siku yake na gari la kuaminika.

Kolo ina ziada ya aina ileile: miamba zaidi. Pahi ina michoro mingi ya rangi nyeupe. Fenga, kaskazini zaidi, ina ule mchoro wa tembo aliyezungukwa na watu, ambao wengi huuona ni mtego. Kwa mpenzi wa michoro hiyo ni karamu. Kwa aliyekuja kumridhisha mwenzake, mwamba wa tatu ni mtihani wa ndoa. Nje ya michoro kuna chemchemi ya Kondoa mjini, kuna kumbukumbu ya mapigano ya mwaka 1916, Waingereza na Makaburu upande mmoja na jeshi la Wajerumani la Lettow-Vorbeck upande mwingine, na kuna ziwa Babati lenye viboko kama unaendelea kaskazini.

Majira

Sehemu zote mbili hupata mvua za msimu mmoja, kati ya Desemba na Aprili hivi. Isimila inavumilia mvua, ukiiacha ipite na utelezi ukauke. Kolo haivumilii: barabara ya kwenda Mongomi hugeuka tope, na kilima huteleza. Kuanzia Juni hadi Agosti ni majira mazuri kote, ila Iringa beba sweta la kweli.

Nani aende wapi

Kolo inamfaa mwenye subira. Anayependa kukaa mbele ya kitu dakika ishirini, kuuliza, kubisha, kurudi kukitazama tena. Inamfaa mchoraji, mwanafunzi wa historia, mtu anayetaka kuwasikia wenyeji na si kusoma maelezo ukutani. Haimfai anayehesabu kilomita kwa picha.

Isimila inamfaa anayetaka kitu kionekane mara moja, familia yenye umri mchanganyiko, na anayesafiri kwa basi. Inamfaa pia mwalimu anayeleta darasa, kwa sababu mtoto akiliona shoka ambalo lilichongwa na mtu miaka robo milioni iliyopita, huhitaji kumfafanulia sana. Anayetafuta hisia ya utakatifu wa mahali hatazipata pale korongoni, azitafute Mlambalasi.

Kwa hali zilizo za kawaida ningeshauri hivi. Una siku moja na gari: Kolo, ondokeni alfajiri. Una siku mbili na gari la chini, tena ni kiangazi: yoyote kati ya hizi mbili inawezekana, ila kwa Kolo liache gari kijijini na umalizie kwa bodaboda. Una siku mbili, wazazi wazee na watoto: Iringa, lala hukohuko. Huna gari: Iringa tena, isipokuwa una rafiki Kondoa wa kukupokea. Umekuja Dodoma kwa treni ya SGR kutoka Dar es Salaam na unataka kuongeza safari: Kolo ni ya karibu zaidi, lakini kodi gari Dodoma, usitegemee kulipata Kondoa. Ni Machi na mvua imekolea: Isimila, na hata hiyo piga simu kwanza.

Mwenye mgeni kutoka nje anayeuliza mambo ya Urithi wa Dunia atataka Kolo kwa sababu ya jina. Mwandae kwanza kuhusu uchakavu, asije akategemea kuta zinazong'aa kama za kwenye vitabu vya Ulaya. Na wewe ambaye ratiba yako ya mwezi ujao ina Arusha au Mbeya, acha kutafuta mapumziko mapya. Kolo iko njiani mwa Arusha, Isimila iko njiani mwa Mbeya. Ongeza nusu siku kwenye safari uliyokuwa unaifanya hata hivyo, tena nusu ya asubuhi, kabla jua halijapanda.